Makonyo Darini kwa Bi Mwatum

Ukitaka kununua kitu kwa Mwatum binti Faki, ulikuwa ule kwanza ushibe. Mwenye njaa alinunua ghali. Na ukitaka kumuuzia kitu, usimwonyeshe kuwa una haraka, maana angekukalisha barazani, akakuletea kahawa, akakuuliza hali za watoto wako mmoja mmoja mpaka jua likuchwee, kisha ndiyo akutajie bei yake.

Hakuzaliwa na biashara. Alizaliwa Pujini kwa wakulima wa mpunga na muhogo, na mama yake alipokufa yeye ndiyo kwanza alikuwa akianza chuo cha Kurani. Akalelewa na mama yake mdogo, Bi Time, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, aliyekuwa na mtoto mmoja wa kiume, Shaame. Bi Time alimfundisha kusuka ukili. Mwatum akaona kusuka kunaumiza vidole na kuuza hakuumizi kitu, akaanza kuwanunulia wenziwe mikeka na kuipeleka Wete. Kutoka kwenye mikeka akaingia kwenye kanga. Alizichukua dukani kwa Shardaben akazitembeza vijijini kichwani. Ukubwani akaolewa na Msellem Mmanga, mchuuzi wa nazi na makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Alikuwa mume wake wa pili, naye mke wake wa pili. Hawakupata mtoto. Walipatana kama wanavyopatana watu wanaotumia mzani mmoja: kila mmoja alijua jiwe la mwenziwe lina uzito gani.

Nyumba yao ilikuwa Wete, mtaa wa sokoni, uso wake njiani, vyumba viwili, ukumbi na ua. Zamani paa lilikuwa la makuti, na chini yake kulikuwa na dari ya kale, boriti zilizopangwa karibu karibu na juu yake udongo ulioshindiliwa unene wa shubiri. Msellem alipopata uwezo aliondoa makuti akaezeka mabati, kwa sababu mwenye mabati hutazamwa vingine. Dari akaiacha. Jua la kaskazi likapiga mabati, udongo ukalipokea, na chini watu wakalala usingizi wa adhuhuri bila kujua nani anawalinda.

Mwaka wa sitini na moja waya wa umeme ukafika mtaa wa madukani. Fazal, mwenye duka la vyombo, akaitengeneza nyumba yake upya, akamwita Msellem aje aione. Msellem aliporudi hakugusa chakula.

"Mwatum, taa zake hazining'inii. Zimezamishwa ndani ya dari. Huoni chombo, waona mwanga tu, kama dari yenyewe ina nuru. Na dari yote mbao laini nyeupe, sawasawa kama karatasi."

"Na joto?"

"Joto gani?"

"La mabati. Hiyo karatasi yake yazuia nini?"

Msellem akacheka. "Wewe kila kitu wauliza chazuia nini!"

Msellem mbele ya gunia la makonyo hakudanganywa na mtu. Mbele ya tajiri alikuwa kama mtoto mbele ya ubuyu. Mwatum alilijua hilo, kwa hiyo hakupoteza maneno kumkataza. Alimwekea sharti moja tu, dari ya udongo isishushwe mpaka ile mpya iwe tayari kupigiliwa kila kipande. Msellem akakubali. Lakini fundi Jaribu alipopanda, akagonga boriti na kusema nyingine zimeliwa na mchwa na siku moja udongo ule utawaangukia kitandani, Msellem akamwambia ashushe. Ikashushwa yote. Udongo ukatolewa kwa makarai hadi ua ukajaa. Mbao nyeupe zikaja kutoka Tanga, zikapangwa ukumbini, na Jaribu akazikata zikiwa chini, akatoboa matundu ya mviringo pale zitakapokaa taa. Kabla hajapigilia hata mmoja, Msellem akashikwa na tumbo. Walimpeleka hospitali kwa machela, wakamrudisha amefunikwa.

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe. Hajipambi, hatii manukato, wala mwanamume asiyekuwa maharimu wake hamwoni. Hayo kila mtu anayajua. Lisilofikiriwa na mtu ni kwamba fundi ni mwanamume. Na nyumba ile, dari ilipokwisha kushuka, kuta za vyumba hazikufika juu. Aliyepanda kwenye kenchi za paa aliona ukumbi, akaona vyumba vyote viwili na kitanda cha mwenye eda, na akigeuza shingo aliona ua. Hapakuwa na pembe ya kumficha Mwatum. Baba alikuwa ameshakufa, kaka hakuwa naye. Shaame alikuwa mtoto wa mama mdogo, na mtoto wa mama mdogo anaweza kukuoa, kwa hiyo naye alikuwa mtu wa nje ya pazia.

Bakar, mdogo wake Msellem na mrithi wake wa kiume peke yake, hakukawia. Alikuja akaketi ukumbini, pazia likiwa baina yao.

"Asalaam alaikum, shemegi."

"Wa alaikum salaam."

"Nyumba hii imekuwa tanuri. Nimemuuliza Shehe Abrahman, asema kwa dharura kama hii waweza kwenda kukaa eda kwenu Pujini. Dini si kuumizana."

"Shehe kasema naweza au kasema lazima?"

"Waweza."

"Basi nashukuru."

"Nashukuru maana yake wenda?"

"Maana yake nashukuru."

Bakar akakohoa, akanywa kahawa yake, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na alijua kuhesabu, basi. Na Mwatum naye alijua hesabu ile ile. Mke wa mume asiyeacha mtoto hurithi robo. Bakar alikuwa na iliyobaki, na robo ya nyumba haina mlango. Kazija, mke wa Bakar, alipokuja kumsaidia kupeta mchele alikuwa amekwisha kuropoka kwamba Pyarali, mwenye duka la nguo Chake Chake, anatafuta nyumba yenye uso wa sokoni aweke mzigo wake. Siku majora ya nguo ya Pyarali yatakapoingia mlango ule, Mungu peke yake ndiye atakayeyatoa. Aliye nje hutajiwa bei. Aliye ndani ndiye anayetaja. Mwatum aliupanga mpango wake wote kabla ya kikombe cha Bakar kupoa: akae hapo hapo mpaka eda iishe, asitoke hata kwa siku moja, kisha ainunue sehemu ya shemegi yake kwa robo yake ya shamba la mikarafuu aliloliacha Msellem. Akitoka, nyumba imekwenda.

Bi Time akaja kutoka Pujini kumkalia, kwa sababu mwenye eda halali peke yake. Alikuwa mzee sasa, jicho moja halioni, lakini ulimi ulikuwa haujapungua hata inchi moja. Vuli ikapita, na mvua juu ya mabati matupu ikawa kelele tupu; walisemeshana kwa mikono. Kisha kaskazi ikaingia. Kuanzia mapema asubuhi mabati yalianza kulia, kach, kach, na adhuhuri mtu hakuweza kuweka mkono juu ya kichwa cha kitanda.

"Mkate wa mofa huwiva pande zote," alisema Bi Time, kanga imelowa mwilini. "Sisi twaiva kwa juu tu, chini tubichi. Atakayetula ataumwa."

"Nenda ukakae uani, mama."

"Uani kuna mlima wa udongo wa mumeo. Mwenyezi Mungu amrehemu, kaishusha pepo akaitia uani."

Siku moja Bi Time alianguka akitoka chooni. Hakuumia, lakini alikaa kitako muda mrefu akitafuta pumzi, midomo myeupe. Ndipo Mwatum alipoamua dari ipande. Kama wanaume hawawezi kuingia, basi wanawake watapanda.

Alimwita Mwanabaraka, mke wa fundi Jaribu, na majirani wengine waliokuwa bado wanaingiliana, maana mwaka ule siasa zilikuwa zimewagawa watu hata kwenye mazishi. Walisimamisha vitanda juu ya vinu, wakavua buibui, wakafunga vibwebwe. Jaribu mwenyewe aliketi barazani, mgongo ameuelekeza ukutani, akipiga kelele kuelekeza kazi asiyoiona.

"Mwanabaraka! Msumari uende kwenye ubao, usiende kwenye kidole!"

"Kidole changu, msumari wako! Nyamaza!"

"Mbao yenye tundu ni ya katikati!"

"Zote zina tundu, fundi mzima! Umetoboa kama uliyekuwa ukitafuta panya!"

Walicheka, na lilikuwa jambo la kheri kucheka katika nyumba ile, ingawa mwenye eda alijizuia. Jaribu aliwaambia kwa kelele zile zile kwamba mbao peke yake chini ya bati ni kama sahani juu ya sufuria. Joto litapita tu. Wakitaka kupoa, lazima juu ya mbao kujazwe kitu. Udongo ni mzito, mbao hizi hazitaustahimili. Wajaze makumbi ya nazi yaliyotwangwa yakawa nyuzi. Au sufi, kwa mwenye nayo.

"Makumbi," alisema Bi Time. "Makumbi hayana neno."

Mwatum alitazama kwenye ukumbi. Magunia ya makonyo ya Msellem yalikuwa pale tangu msimu uliopita, yamepangwa ukutani, hayajapata mnunuzi.

"Makumbi ni ya kununua, na ya kungoja," alisema. "Makonyo yamo ndani."

"Makonyo yana moto, mwanangu."

"Moto wa ulimini, mama. Mimi nataka ya kuzuia jua, sitaki ya kupikia pilau."

Na hapo ndipo alipokosea, yeye aliyejua kila bidhaa ina wapi ubaya wake. Alifanya kosa ambalo mtu wa bara asingelifanya, maana mtu wa bara hana makonyo ya kumwaga. Alimwaga magunia yote juu ya mbao, yakatandazwa kwa mwiko mrefu, na juu ya kila tundu la taa wakafunika kawa kubwa la ukili, lile la kufunikia sinia, ili siku ya umeme globu zikae mahali patupu, makonyo yasizifikie wala yasimwagike chini. Wazo la kawa lilikuwa lake, na lilikuwa zuri. Jaribu barazani alilisifu.

Siku chache nyumba ilipoa kweli. Bi Time alilala adhuhuri, akakoroma. Mwatum alikaa chini ya ile dari nyeupe akasikia mabati yakilia kwa mbali, kama nyumba ya mtu mwingine.

Kisha jua la kaskazi likafika kwenye mafuta yaliyomo ndani ya vile vijiti. Harufu ilianza polepole. Baadaye ikashuka kama maji. Karafuu, karafuu, karafuu. Ilikaa kwenye wali, ikaingia kwenye maji ya mtungi, ikawasha macho. Kuanzia adhuhuri mpita njia alijua amefika nyumba ya Msellem kabla hajaiona. Bi Time akaanza kukohoa.

Kazija alikuja, akasimama kizingitini, akavuta pumzi, akazitoa.

"Wifi, hivi nyumba hii mna harusi?"

"Harusi ya nani?"

"Naona panafukizwa. Mwenye eda anukia mpaka sokoni!"

"Ni makonyo, Kazija. Umeyaona yakipandishwa, ulitushikia ngazi."

"Mimi najua. Watu hawajui."

"Waambie basi. Mdomo wako watosha mtaa mzima."

Kazija aliwaambia, lakini jinsi alivyowaambia yeye mwenyewe ndiye ajuaye, kwa sababu ilipopita Ijumaa moja Bakar alikuja na Shehe Abrahman. Waliketi ukumbini. Shehe, mtu mnene, alijipangusa jasho, akanusa juu, akanusa pembeni, kama mnunuzi.

"Bi Mwatum, umeweka kwa ajili ya kunukia?"

"Nimeweka kwa ajili ya mama yangu, shehe. Alianguka kwa joto."

"Basi hapana neno," alisema Shehe. "Karafuu si manukato katika kisiwa hiki. Ingekuwa manukato, msimu wa kuchuma wajane wote wa Pemba wangelazimika kuvuka bahari." Akamgeukia Bakar. "Umeridhika?"

"Nimeridhika, shehe. Ni maneno ya watu tu."

"Maneno ya watu hayana dari." Nyuma ya pazia Bi Time akapandwa na kikohozi, kirefu, cha kuvuta toka chini, na Shehe akageukia huko. "Lakini huyo bibi mkubwa, hilo mimi silitolei fatwa. Hilo ni lako."

Mwatum alijua ni lake. Alijua pia kwamba kuyatoa makonyo ni kuing'oa dari, na nyundo zikisikika Bakar atasema mwenye eda amekubali kosa, Kazija atalitembeza, na mjane aliyekwisha kusemwa huondolewa nyumbani kwa heshima, kwa kupendwa, kwa kushikwa mkono. Akapima. Kaskazi ilikuwa imebakisha kidogo. Mvua za masika zingepoza mabati na harufu ingelala. Mtu huvumilia mzigo mbaya mpaka bei irudi. Hivyo ndivyo alivyokuwa amevumilia maisha yake yote, na hakuwahi kupata hasara.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia ndani ya joto. Bi Time alifunga, akakataa kuambiwa ale. Alasiri sauti yake ilikuwa haitoki, ila mkwaruzo.

"Nikupeleke kwa Shaame, mama?"

"Ukabaki na nani?"

"Mwanabaraka atakuja kulala."

"Mwanabaraka ana mume. Mume aliyezoea kupigiwa kelele halali bila kelele." Akakohoa, akapangusa jicho lake zima. "Niache. Mie nilikwisha kukausha karafuu tangu sijaota meno ya pili. Haiwezi kuniua leo."

Shaame alikuja mwenyewe, hakuitwa. Alisimama ukumbini, akakisikia kile kikohozi, akainua uso kuitazama dari na yale matundu yaliyozibwa kwa kawa.

"Dada Mwatum, mama namchukua."

"Mchukue, Shaame. Nilikuwa nataka nimlete."

"Sikuomba ruhusa."

Alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Bi Time alikuwa amepungua mno. Kutoka dirishani Mwatum aliona miguu yake tu ikining'inia kiunoni mwa mwanawe, viatu havimo.

Mwanabaraka akaja kulala kwa siku ambazo mumewe alimruhusu. Siku nyingine Mwatum alilala peke yake na taa ya kandili, jambo ambalo mtaa ulilijua na haukulisema. Baada ya Idd kupita, eda ikiwa imebaki siku za kuhesabika, mtu alileta habari kutoka Pujini: Bi Time hali chakula, anamuulizia Mwatum.

Shehe Abrahman alipelekewa swali. Jibu lilirudi upesi na lilikuwa wazi: mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja, akarudi kulala nyumbani kwake. Aende, amwone mama yake, arudi na gari ya alasiri. Kazija alikuja na jibu hilo mwenyewe, na buibui lake lilikuwa bado halijavuliwa.

"Nenda, wifi. Mimi nitakukalia nyumba."

"Utanikalia?"

"Na Bakar atakuja kuketi barazani, mlango usiwe peke yake."

Mwatum alimtazama Kazija miguuni, kama alivyowatazama wauzaji kujua haraka yao. Alikuwa ameketi, miguu ameikunja chini ya buibui, hakuna cha kusoma. Labda ilikuwa huruma tupu. Kazija alikuwa na mdomo, lakini alimlilia Msellem kuliko wengi. Labda Pyarali alikuwa na mzigo wake kwenye gari nje ya mji, anangoja mlango ufunguliwe na mwenye robo tatu. Na gari ya Chake ilikuwa na tabia ya kuharibika njiani. Ikiharibika, mwenye eda atalala Pujini, akilala Pujini, ametoka, akitoka, amekwisha. Miezi yote ile ya kuiva kwa juu ingekuwa bure, na Bi Time angekuwa amekohoa bure.

"Nitakwenda nikimaliza," alisema.

"Wifi, mtu mzima yule hangoji."

"Mwambie Shaame nakuja nikimaliza. Zimebaki siku ngapi?"

Kazija alisimama, akajifunga buibui lake vizuri zaidi kuliko ilivyohitajika, akatoka.

Bi Time alikufa kabla eda haijaisha. Alizikwa Pujini karibu na dada yake. Mwatum aliisikia habari kwa Mwanabaraka, chini ya dari, harufu ikiwa imejaa chumba. Alilia kimya kimya na akamaliza kuosha mchele aliokuwa akiuosha, kwa sababu ulikuwa umeshatiwa maji.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja wakamwogesha, wakamvisha kanga mpya. Bakar aliingia alasiri, na sasa pazia halikuwa la lazima sana. Mwatum alijitanda akaketi mkekani, akamkaribisha kahawa. Hakumharakisha. Alimuuliza hali za watoto wake mmoja mmoja.

"Sasa, shemegi," alisema Bakar alipokwisha kumtaja wa mwisho, "tuseme habari ya nyumba. Mimi robo tatu, wewe robo. Wataka nini?"

"Nataka robo yangu ya mikarafuu uichukue wewe, na nyumba uniachie."

Bakar akafikiri. Alizungusha kikombe. Mwatum alikuwa amejiandaa kwa mapambano ya siku nzima. Alikuwa na maneno ya akiba kuhusu mchwa, kuta na ushuru wa mji. Lakini Bakar akasema tu:

"Haya."

Mwatum hakuamini masikio yake, lakini uso haukusema kitu. Mtu akikubali upesi hivyo, umemtajia bei iliyozidi, au amekuwa hana haja tena.

"Na Pyarali?" aliuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. "Nilisikia alikuwa akiitaka."

"Pyarali? Aah, huyo alikwisha kupata. Fazal kampa ghala lake la nyuma toka mwanzo wa Ramadhani, na majora yake yamo humo. Mimi nilikwisha kumtoa maanani. Nyumba yenye mwenye eda ndani, nani atangoja?"

Toka mwanzo wa Ramadhani. Mwatum alimimina kahawa nyingine. Alikuwa ameulinda mlango ambao hakuna aliyekuwa akiubisha. Siku Kazija alipokuja na jibu la shehe, palikuwa hapana mzigo nje ya mji, hapana hila, palikuwa na Kazija tu na buibui lake.

"Basi twende kwa kadhi tuandikishe," alisema. "Na miti iliyokufa isihesabiwe kwangu."

"Isihesabiwe," alisema Bakar.

Wakaandikisha. Nyumba ikawa yake, mabati, mbao na matundu. Jaribu akaja, safari hii mwenyewe na ngazi yake, akayashusha makonyo yote kwa makarai, akajaza makumbi.

Baada ya hapo Mwatum akachukua mchele mzuri wa basmati, gunia dogo, na sukari, akapanda gari kwenda Pujini. Alifika watu wametoka kupanda mpunga. Mke wa Shaame alimpokea, akamtandikia mkeka nje, si ndani. Shaame alikuja na jembe begani, akaketi mbali kidogo juu ya kinu kilicholazwa.

"Poleni," alisema Mwatum.

"Tumekwisha kupoa."

"Nimeleta mchele wa khitma."

"Tulisoma siku ya tatu."

"Basi wa arobaini."

Shaame alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. "Alikuulizia," alisema. "Mpaka siku ya mwisho. Hakuuliza kama waja. Aliuliza kama ushapata ntu wa kulala nawe. Nikamwambia umepata."

Kuku walipita baina yao.

"Uliogopa nini, dada? Mimi si shehe, nataka kujua tu."

Angeweza kumjibu mengi. Angeweza kutaja eda, watu na maneno ya watu, na Shaame angeyapokea, kwa sababu mtu hupokea anachopewa kwa adabu. Lakini hakuwa na tabia ya kumuuzia mtu kitu kibovu huku akikijua.

"Niliogopa Pyarali ataingiza duka lake nikitoka."

"Akaingiza?"

"Hapana. Alikuwa keshapata kwengine. Tangu Ramadhani."

Shaame hakukasirika, ingekuwa afadhali. Alisimama, akaegemeza jembe ukutani, akaenda nyuma ya nyumba kunawa miguu, na maji yakasikika yakimwagika kwa muda mrefu kuliko miguu miwili inavyohitaji. Hakurudi.

Mke wake alileta chai na muhogo, akaketi kwa heshima, akasema habari za mvua. Mwatum alikunywa, akashukuru, akaomba aonyeshwe kaburi, akaonyeshwa kwa kidole kutoka mbali, kule chini ya minazi. Alikwenda peke yake, akasimama, akasoma alichojua kusoma. Aliporudi gunia la mchele lilikuwa pale pale kizingitini alipoliweka. Hakuna aliyeliingiza ndani, hakuna aliyemwambia alichukue. Alilitazama. Kisha akaliacha, akashika njia ya barabarani kungojea gari.